Mistari Aliyofuta Marehemu

Meli ya kuwarudisha wakimbizi ilikuwa imeshaiacha gati ya Kigoma, inaelekea Kalemie, Kongo, Inspekta Abdulmajid alipopigiwa simu: diski ya kompyuta imeibwa katika ofisi moja, mtaa wa Mwanga.

Ilikuwa mwaka 2008. Ofisini alimkuta Honorata, mtafiti aliyezunguka mwaka mzima, kijiji cha Katonga hadi kambi ya wakimbizi, akiomba watu msimbo wa programu zao, yaani yale maandishi yanayoiamuru kompyuta. Mnada wa dagaa, zahanati, duka la fundi nguo. Alikusanya programu hamsini kwenye diski hiyo, pamoja na historia ya kila mstari, ili watafiti wote wazitumie.

"Nani angeitaka?"

"Afande, utanicheka."

"Sijacheka tangu Jumatatu. Sema."

Akamtolea karatasi alizochapa. Programu ya Feliksi, Mkongo aliyewatafutia wakimbizi ndugu zao waliopotea. Feliksi alizama Katonga mwezi Mei. Tangu siku ya maziko majina saba yalikuwa yamefutwa humo, moja moja, asubuhi, ofisi ikiwa tupu. Penye jina la aliyefuta paliandikwa: Feliksi.

Nje jua lilikuwa kali. Inspekta alilisoma jina hilo mara mbili.

"Una hakika alikufa?"

"Nilitupa udongo kaburini kwa mkono huu."

"Mashine inamtambuaje mtu?"

"Haitambui. Unaandika jina utakalo."

"Basi ni mtu hai."

Alifunua kurasa za mwisho. Humo, siku moja kabla ya kufutwa, kila jina liliwekewa alama ya msalaba mwanzoni na mwishoni.

"Feliksi aliandika hivi?"

"Kamwe."

"Tafuta anayeandika hivi. Si ndiyo kazi ya mkusanyo wako?"

Walipekua karatasi za programu zote. Misalaba ilikuwa kwa mtu mmoja: Merina, karani wa ofisi hiyohiyo, aliyeandika programu ya duka la kushona la mama yake. Inspekta, mtoto wa fundi nguo wa Ujiji, akaelewa. Fundi hakati kitambaa kabla hajakipiga chaki ncha zote mbili.

Merina alikuwa bado gatini, anaitazama meli.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Diski iko wapi?"

"Waulize samaki, hao migebuka."

"Binti, usinichezee."

"Sichezi. Nimeitupa ziwani."

"Kwa nini?"

"Feliksi aliijaribu programu yake kwa majina ya kweli. Ya watu waliojificha kambini kwa majina mapya, pamoja na vijiji vyao. Kaka yangu Christian yumo. Na sasa yumo melini. Waliomuua baba bado wako kule Kongo, wakilisoma watampata. Nilimwomba dada Honorata ayatoe, akasema historia ikikatwa, utafiti umekufa."

"Ukafuta mwenyewe."

"Nikafuta. Kumbe mashine inatunza hata ulichofuta! Ndipo nikaichukua."

"Na jina la marehemu?"

"Mimi hakunisikiliza. Nilidhani mfu atamsikiliza."

"Majina saba."

Merina akahesabu kwa vidole. "Sita, afande. La Christian nilikuta limeshafutwa."

Inspekta akazirudia karatasi. Jina la kwanza, la Christian, lililofutwa siku ya maziko, halikuwa na msalaba hata mmoja. Akazikunja, asiulize tena.

Merina alifungwa miezi sita. Honorata alikuwa ametuma nakala chuoni wiki iliyotangulia wizi. Aliwaandikia programu ya Feliksi iondolewe, akajibiwa kwamba watafiti wanne wameshaichukua. Zile arobaini na tisa zinasomwa hadi leo. Inspekta alihamishiwa Kasulu. Mama yake Merina alifunga duka, akahamia kijiji cha Kidahwe. Christian alishuka Kalemie salama. Ilikuja barua yake moja, ya mwezi Agosti; nyingine haijaja hadi leo.