Kijiko cha Baba Daisy

Haya yalimpata rafiki yangu Lavender, niliyekuwa nikiuza naye matunda kando ya barabara kule Miasenyi. Mumewe Elly, Baba Daisy, alipata kiharusi kikamnyang'anya sauti, ukabaki mkono mmoja tu wa kufanya kazi. Kwa miaka sita alimwita mkewe kwa kugonga kijiko kwenye kikombe cha bati. Mara moja, maji. Mara mbili, nigeuze. Mara tatu, njoo ulale. Alikuwa akigonga hata akiwa hana haja, halafu anamcheka kwa nusu ya mdomo. Lavender hakukosa kuitika hata siku moja. Kanisani wakamwita mke mwaminifu.

Elly alipokufa tulimzika nyuma ya nyumba. Ndugu yake Nicodemus akatia kikombe na kijiko ndani ya jeneza.

"Asikose cha kukuitia, shemeji," akasema, na watu wakacheka.

Jumanne jioni baada ya mazishi stima ilipotea, nyumba ikawa giza. Lavender akatoka nyuma kuchukua makaa, akasikia kijiko kikigonga, chini kabisa ya udongo wa kaburi. Akarudi mbio, akafunga mlango kwa komeo, akanipigia simu.

"Labda ni mabati yanalia na upepo," nikamwambia.

"Upepo gani?"

Ndipo na mimi nikakisikia kwenye simu. Ting. Ting. Nikangoja. Ting.

Lavender akasema, kwa ile sauti yake ya upole ya miaka sita, "Naja, Baba Daisy."

Nikamwita jina lake kwa kelele. Nilichosikia ni komeo likifunguliwa.