Kigingi cha Rahila

Mpunga ukishavunwa, bonde letu karibu na Konde huwa la watu wote. Kila mwenye ng'ombe hukita kigingi chake asubuhi, akamfunga kwa kamba ndefu, na adhuhuri humhamishia penye majani mapya. Sharti ni moja: hugusi kigingi cha mwenzio bila ruhusa.

Shangazi yangu Asya, aliyenihadithia haya, alikuwa na ng'ombe mmoja. Aliyekuwa akimhamisha ni bintiye, Rahila. Rahila alikuwa mashoto, na fundo lake lilijulikana bonde zima kwa kupinda kushoto. Alifariki mwaka juzi, siku chache baada ya kujifungua. Mtoto aliyemwacha, Usama, akaishi kwa maziwa ya ng'ombe yule.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali. Ng'ombe wa wengi walikauka maziwa. Shangazi, kwa goti lake bovu, alishuka bondeni asubuhi na alasiri tu; adhuhuri hapakuwa na wa kumhamisha ng'ombe. Alasiri moja akamkuta amehamishwa, anakula majani mabichi.

"Ngwali, Mungu akulipe," alimwambia jirani aliyekuwa karibu.

"Mie? Mie niguse kigingi chako, Bi Asya, kesho niitwe mchawi?" Ngwali alicheka. Kisha akainama kuitazama kamba, na kicheko kikakatika.

Fundo lilikuwa limepinda kushoto.

Shangazi hakumwita shehe wala mganga. Maziwa yaliongezeka, Usama akanenepa. Usiku alilia peke yake jikoni, asijue kama ni furaha au uchungu. Mama anamlisha mwanawe, alijiambia. Nani wa kumkataza?

Lakini kila siku kigingi kilisogea. Kwanza kando ya mfereji. Kisha chini ya mnazi uliokatika kichwa. Kisha ukingoni mwa mava, tunakozika watu wetu.

"Bi Asya," Ngwali alimnong'oneza, "huoni anakoelekea?"

"Naona."

Siku iliyofuata Shangazi alimwacha Usama amelala ndani, na jirani yake Bi Moza akisuka ukili mlangoni. Alimkuta ng'ombe kando ya kaburi la Rahila. Akachuchumaa kumkama. Kiwele kilikuwa kitupu. Na ndama alikuwa nyumbani, amefungwa.

Alirudi mbio, goti likimuuma.

"Mtoto kalia?"

"Hajalia. Kanyonya, kalala."

"Kanyonya nini, Moza?"

Bi Moza aliweka ukili chini. "Nimemsikia humo ndani akinyonya. Nikajua umemwachia chupa."

Hapakuwa na chupa. Usama alikuwa amelala, tumbo limejaa. Midomo yake ilikuwa na maziwa. Yalikuwa bado na joto. Pembeni yake godoro lilikuwa limebonyea.

Shangazi aliivuta shuka. Kwenye kifundo cha mguu wa mtoto palikuwa na kamba ya usumba wa nazi.

Fundo lilikuwa limepinda kushoto.

Aliikata kwa kisu cha jikoni. Akaichukua hadi kaburini, akapiga magoti.

"Rahila, mwanangu," alinong'ona. "Najua humsahau. Lakini huku wakati wake bado. Ukimfunga, mfunge mbali na hapa."

Ng'ombe aliinua kichwa, akatazama nyuma ya bega la Shangazi.

Tangu siku ile ng'ombe hakuhamishwa tena. Maziwa yalikauka kabla ya mvua, na Usama alilelewa kwa uji mwepesi. Alikonda hata mbavu zikahesabika. Shangazi alimtazama akijua ni yeye aliyemfukuza mwanawe, aliyekuwa akija kumlisha wake. Hadi leo hajui kama alifanya sawa.

Kiangazi hiki Usama anatembea. Hukimbia bonde zima baina ya ng'ombe, na watu humwacha. Upande mmoja tu hafiki. Akikaribia mava husimama ghafla, mguu mmoja umevutika nyuma, kama aliyefika mwisho wa kamba. Hugeuka, akatazama nyuma yake, akacheka.

Kisha hurudi nyumbani.