Betri ya Bibi Justa

Kila Jumamosi asubuhi Sabina alifagia kibanda cha baba yake pale Igombe, akapanga betri za watu kwenye ubao, kisha baba akavuta kamba ya jenereta. Mashine ilikohoa, ikashika, ikaanza kuvuma. Hapo ndipo Sabina alipopotea, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye ndoto za kutosha kijiji kizima. Ziwa lilitulia mbele yake, naye aliuona umeme ukipanda taratibu kwenye waya kama maji, ukijaza betri moja baada ya nyingine. Kumwita wakati huo ilibidi uite mara tatu.

Miaka hiyo ya tisini nguzo za umeme zilikuwa hazijafika kijijini. Wenye redio walileta betri za gari kwa baba yake, Masele, zikashinda kutwa kwenye mashine. Jioni, kabla ya kumkabidhi mtu betri yake, Masele alivuta maji ya betri kidogo kwa kipimo cha kioo, akamwonyesha mteja jinsi kiboya cha ndani kilivyopanda hadi alama ya kijani, dalili kwamba betri imejaa.

Kisha serikali ikaliachia soko lipange bei. Bei ya dizeli ikawa leo hivi, kesho vile. Mutayoba, mgeni kutoka Bukoba, akaweka mashine yake ng'ambo ya barabara, akachaji kwa mia tatu wakati Masele alitoza mia tano. Wateja wakahama. Masele alikataa kushusha bei kwa kuwa mia tatu haikutosha hata dizeli. Akasema mwezi ukiisha vile, mashine itauzwa. Sabina aliumia sana, kwani hakujua Jumamosi bila mvumo ule ingekuwa siku gani.

Jumamosi iliyofuata Masele alikwenda Mwanza mjini kutafuta dizeli. Bibi Justa akapita na betri kichwani, juu ya kata ya kanga, akielekea kwa Mutayoba.

"Shikamoo bibi," Sabina aliita. "Hata kwetu leo ni mia tatu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Basi nijazie vizuri. Kesho mchana Antoni wangu atanisalimu redioni."

Antoni, mwanawe wa pekee, alikuwa Mtwara, mwaka wa saba hajarudi. Sabina aliitikia, akaipokea betri, na nyingine nne kwa bei ileile, akavuta kamba ya jenereta mwenyewe. Adhuhuri akazima mashine ili kubana dizeli. Alijiambia kwamba bei pungufu na chaji pungufu ni haki kwa haki. Jioni alizirudisha betri bila kugusa kipimo.

Jumatatu Bibi Justa alirudi, akaiweka betri chini polepole. Hakugomba. Alisema redio ilizimika Jumapili asubuhi, kwaya ikiwa bado inaimba. "Salamu za mwanangu zimepita juu ya paa langu," alisema, "na mimi nimekaa chini yake."

Sabina alilia, akamweleza baba yake kila kitu mbele ya bibi.  Masele akamuuliza binti yake ni redio gani hapo kijijini isiyozimwa kamwe. Wote walijua. Ilikuwa ya Mutayoba.

Kuvuka barabara ile hakujawahi kuwa kazi kubwa kiasi hicho. Sabina alimwamkia Mutayoba, akasema kosa lake bila kulipunguza. Mutayoba aliweka spana chini.

"Antoni wa Mtwara? Nilimsikia. Nilidhani mama yake naye anasikia." Akafuta mikono, akasema salamu za mtu mzima hazipitishwi kwa mtoto, akatangulia kuvuka.

Akakaa karibu na bibi, akamwambia: Antoni ni mzima, amepata mke, na Krismasi wanakuja wote wawili. Bibi Justa alimwomba arudie. Akarudia mara tatu, na kila mara bibi alicheka kama ndiyo kwanza anasikia.

Kabla ya kuondoka Mutayoba alikiri kwa Masele kwamba mapipa yake ya dizeli ya bei rahisi yameisha. Wiki hiyo na yeye angepandisha bei. Wakakubaliana kila mmoja aandike nje, kwa chaki, bei ya dizeli na bei yake ya kuchaji, watu wachague wakijua.

Masele akaiunga betri ya bibi, safari hii bure, na nyingine nne zikaitwa zirudi. Akamwekea Sabina kipimo mkononi.

"Bei ni ya soko, mwanangu. Ikipanda tutapanda, ikishuka tutashuka, na pengine mashine tutaiuza. Lakini kipimo ni chetu wenyewe. Hicho usikishushe, hata kwa kuniokoa mimi."

Sabina alisimama kando ya betri ile hadi jioni. Mashine ilivuma, ziwa likamwita, na hakuitika mpaka kiboya kilipofika alama ya kijani.