Saa Nne Ndani ya Bakuli

Kisomaseli kilimeza kipande cha nyama kisichozidi punje ya hindi, na kabla chai ya Daktari Salha haijapoa kikatangaza: "Vipokezi vya homoni, sifuri."

Tanga nzima ilikisifia chombo hicho, na aliyekiunda ni Salha mwenyewe. Kilihesabu vipokezi, yaani vijilango ambavyo homoni hupitia kuiamrisha saratani ya titi ikue. Mwenye navyo hupewa kidonge cha kuvifunga, akaishi. Asiye navyo hupewa dripu kali, basi. Sharti lilikuwa moja: nyama izamishwe kwenye dawa ya kuihifadhi ndani ya saa moja tangu ikatwe, la sivyo vijilango hufa na hesabu huharibika.

Nyama hii ilitoka kwenye titi lililokatwa la Riziki, mdogo wake. Ilikuwa imekaa saa nne ndani ya bakuli.

Mama yao ndiye aliyeomba wasubiri. "Kiungo cha mwanangu hakiendi kwenye mashine kama mshikaki. Nikioshe, shangazi yenu afike kutoka Pangani akione, ndipo mkate chenu. Kinachobaki tukazike." Salha alimwonea mama haya, akakubali. Chombo kilipouliza nyama imekaa muda gani, akaandika dakika ishirini, maana angesema kweli kingeikataa, naye angeulizwa vipi mtunga sheria kaivunja sheria.

Riziki alitiwa dripu hadi kucha zikamtoka. Kidonge hakupewa. Mwaka wa pili saratani ikaibukia kwenye uti wa mgongo.

Safari hii nyama ilizamishwa papo hapo. "Vipokezi, tisini kwa mia," kilitangaza chombo. Riziki alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mama nyuma yake.

"Kumbe kidonge kingenifaa tangu mwanzo, dada?"

"Sasa utakipata. Kitaupunguza mwendo wa saratani."

"Kitaniponya?"

"Hapana. Ungekipata mapema, pengine."

Chombo kikauliza: "Majibu hayalingani. Je, sampuli ya kwanza ilichelewa? Nani aliichelewesha?" Hakikuuliza nani alidanganya. Salha hakuwa amekifundisha swali hilo.

Mama akauliza polepole, "Si lile bakuli langu, mwanangu?"

Salha aliwatazama wote wawili, akaogopa, akaandika. Nacho, kama alivyokifundisha ili wagonjwa wasifichwe kitu, kikasoma kwa sauti: "Ilichelewa. Aliyeichelewesha: mama wa mgonjwa."

Mama alinyoosha mkono kumgusa Riziki begani. Riziki akausukuma.

"Mama, nenda kakae nje."

Mama akageuka atoke. Salha akamfungulia mlango.