Utepe Mwekundu wa Ethel

Siku ya gulio, katikati ya soko la Masasi, Ethel Benedikto alimkanyaga kijana mmoja mguu, na badala ya kuomba radhi akamgombeza.

"Kaka, mguu huo mbona umeuacha njiani?"

"Samahani, dada. Kesho nitauacha nyumbani."

Khaa! Ethel akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Kijana mwenyewe ni Cyril, bwana shamba mpya wa Newala, kaptula ya khaki imepigwa pasi ikanyooka. Tangu siku hiyo barua hazikukatika baina ya Newala na Mnyambe, kijijini kwao Ethel, na Ethel, ambaye hakuwa mwepesi wa kupenda, alipenda kwelikweli.

Yakaja maonyesho ya kazi za vijana pale Newala. Ethel alipeleka karanga za mbegu alizolima mwenyewe. Mwamuzi nani? Cyril! Alihesabu punje mia za kila kijana, akitenga mbovu. Dorothy, jirani yake Ethel, akafungiwa utepe wa buluu. Ethel akafungiwa mwekundu, wa daraja la pili. Mbele za watu!

Alimsubiri nje.

"Kumbe unampenda Dorothy. Ungeniambia tu."

"Dorothy kaingiaje hapa, mpenzi?"

"Si umempa ushindi!"

"Hakuna mshindi. Kipimo kiko ubaoni: buluu, punje mbovu zisizidi tatu. Zako zilikuwa tano. Nilihesabu mara mbili, nikitamani zipungue. Mngetimiza wote, wote mngepata buluu. Sikukulinganisha na mtu."

"Nenda zako, na tepe zako!"

Wiki tatu hakujibu barua hata moja. Lakini hakupata raha. Zile punje mia alirudishiwa kifukoni. Siku moja akazimwaga ungoni, akahesabu. Mbovu tano. Akarudia. Tano. Hasira ikamwisha, ikabaki aibu, na hamu ya Cyril.

Akamwandikia: "Mimi nami nina kipimo. Anayenitaka ateke maji bondeni mwenyewe, debe limfikie mama yangu limejaa."

Jamani! Kule Mnyambe, juu mlimani, kuteka maji ni kazi ya wanawake, tena mwendo wa kutwa.

Jumapili Cyril akatokea, debe kichwani, khaki imelowa chapachapa, wanawake wakimcheka njia nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Loo, pole!"

Ethel alichungulia. Debe limepungua robo. Akafungua utepe wake mwekundu nyweleni, akamfunga mkononi.

"Mwekundu?" Cyril akanywea.

"Maji yamemwagika. Kipimo ni kipimo." Machozi yalimlenga Ethel, naye anatabasamu. "Lakini sikukulinganisha na mtu. Waambie wazee wako waje wamwone mjomba wangu, maana kwetu posa hupokewa na mjomba."