Nyumba ya Kumi na Mbili

Kila siku baada ya shule, Annika alimpitia mdogo wake Emmett chekechea, akamfunga skafu vizuri, kisha wakatembea pamoja hadi nyumbani. Annika alikuwa na miaka kumi na miwili. Emmett alikuwa na mitano, na wiki hiyo ya mwisho wa Oktoba alikuwa na wimbo mmoja tu: Halowini, jioni ambayo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakipewa pipi.

"Dada, Halowini mimi nitakuwa gari la kusukuma theluji! Na taa kichwani!"

Mwaka uliopita Emmett alikula chokoleti aliyopewa mlangoni mwa jirani, kumbe ndani mna karanga, na mwili wake hauvumilii karanga hata chembe. Midomo ilivimba, pumzi zikambana, wakaishia hospitali. Tangu hapo Mama alikuwa na sindano ya dharura mkobani, na msimamo wake ulikuwa mmoja: Halowini, Emmett hatoki.

Jioni hiyo Annika alimfuata Mama jikoni.

"Mama, je, nikipita kila nyumba niwaombe wampe kitu kisicho chakula? Stika, penseli, kigari..."

"Watu wana shughuli zao, mwanangu."

"Na wakikubali?"

Mama akazima jiko, akamtazama. "Mtaa wetu una nyumba kumi na mbili. Ukizimaliza zote, mtaenda. Zote, Annika. Huyu akiona taa tu, anakimbilia."

Annika akaingia kazini. Siku nne mfululizo alibisha hodi, akajieleza, akashukuru. Bi Delgado alimvuta ndani akamnywesha chai ya moto. Cody, wa darasani kwao, alimcheka kutoka dirishani. "Wewe! Umeanza kuomba pipi kabla ya siku yenyewe? Njaa imekuzidi?"

"Niitie mama yako," Annika alimjibu. "Wewe sina shida nawe."

Kila aliporudi alikata maboksi, akayapaka rangi ya chungwa, akatengeneza gari la mdogo wake.

Ilibaki nyumba moja, ya Bwana Pruitt, mzee mrefu aliyewafokea watoto wakikanyaga nyasi zake. Alikuwa na mbwa wa kutisha. Mara mbili Annika alifika getini, na mara mbili miguu ilimgomea. Akajiambia kwamba mzee huyo hajawahi kuwasha hata taa siku ya Halowini, kwa hiyo hakuna hasara.

"Umezimaliza?" Mama aliuliza.

"Zote," alijibu. Neno lilimtoka kirahisi mno, hata yeye mwenyewe likamshtua.

Siku ilipofika, jua likielekea kuzama, Mama alimkabidhi Annika sindano, akawaruhusu. Emmett alitembea ndani ya boksi lake akinguruma kama injini. Nyumba tatu za kwanza zilimpa stika na kalamu za rangi. Mara akasimama.

"Dada, ona maboga! Moja, mbili, tano! Yanawaka!"

Yalikuwa maboga yaliyochongwa nyuso na kutiwa mishumaa ndani, yamepangwa kwenye ngazi za Bwana Pruitt.

Emmett alichomoka. Annika alimkimbilia, akamdaka boksi kwa nyuma. "Hapana! Pale hatuendi."

"Kwa nini? Mama alisema zote!"

Annika angeweza kumburuta hadi nyumba nyingine, na Mama asingejua kamwe. Lakini alikuwa ameshika sindano mkononi, na alijua kwa nini alipewa. Akageuka, akamrudisha Emmett nyumbani huku mtoto akilia.

"Mama, nilikudanganya. Kwa Bwana Pruitt sikwenda. Niliogopa."

Mama alimvuta Emmett karibu. "Nilimtoa mtoto huyu nje kwa sababu ya neno lako."

"Najua, Mama. Nishikie Emmett. Naenda sasa hivi."

Mbwa wa Bwana Pruitt alibweka, lakini safari hii Annika hakugeuka. Alibonyeza kengele. Bwana Pruitt alifungua, bakuli la chokoleti mkononi. Zote zilikuwa za karanga. Annika alimweleza kila kitu kwa pumzi moja.

"Ungeniambia mapema, binti," mzee alisema. "Mimi nimechonga maboga siku tatu. Hakuna aliyebisha hodi. Labda nimewafokea mno." Akaingia ndani na bakuli lake. Annika akasikia maji yakitiririka. Mzee aliporudi, mikono yake ilinukia sabuni, na alikuwa na kengele ya baiskeli. "Nimeiosha hii pia. Gari bila honi ni gari gani? Mlete dereva."

Mama alimleta Emmett mwenyewe. Kengele ilipofungwa kwenye boksi, mtaa mzima ulijua.

Walipokuwa wakishuka ngazi, Mama alimshika Annika bega. "Nyumba kumi na moja umezihangaikia kwa jasho lako, na najivunia. Lakini ile moja uliyoificha ingeweza kutupokonya mtoto. Siku nyingine kazi ikikushinda, niambie imekushinda. Nitakuja tugonge mlango pamoja. Ukinificha, nitakusaidiaje?"

"Sitarudia, Mama."

"Vizuri. Sasa kimbia, gari letu limeshafika kwa Bi Delgado na dereva hana leseni."