Spika ya Nyuma

Spika ya nyuma ilikohoa kabla haijaunganishwa.

Rohani aliisikia. Lotfi, mumewe, alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni akichomeka kebo ya HDMI. Spika za mbele zilikuwa tayari, na ile ya besi ilikaa kando ya sofa. Za nyuma zilikuwa chini ya dirisha, nyaya zake bado zimeviringishwa na kufungwa kwa mpira.

"Umesikia?" aliuliza Rohani.

"Nasikia mke asiyetaka nitazame mpira kwa sauti kubwa."

"Mashine hii umeitoa wapi, baba Humaira?"

"Kwa mama yako mdogo Jarah. Nilimpelekea uji asubuhi, akanipa. Ilikuwa ya marehemu mumewe."

Rohani akakaa chini. Pale Pasir Mas, kwao Rohani, ndugu hawakupokea hata sindano kutoka mkononi mwa Jarah. Alikuwa na saka, jini la kurithi, na halikumwachia afe mpaka apatikane wa kulichukua. Mwaka mzima alikoroma kitandani, akimwambia kila aliyeingia: pokea. Wote walinyamaza. Lotfi alikuwa mtu wa Johor, mbali, na hakuna aliyemwambia.

"Alisemaje?"

"'Nakupa, na vyote vilivyo nayo.' Nikamjibu kama sokoni, muuzaji akisema nauza, nawe unasema nanunua, mali ihalalike. Nikasema napokea. Ulitaka nimnunie mgonjwa?"

Simu ikaita. Jarah alikuwa amekata roho.

Walipotoka mazikoni, televisheni ilikuwa inawaka. Nyumba ilinuka tambuu, kama kitanda cha marehemu. Spika za mbele zilisoma habari. Ile ya nyuma iliyokohoa, nyaya zake bado zimefungwa, ilicheka.

"Mgeni ana adabu kuliko nyie, mbwa," ilisema. "Mwaka mzima mmeninyima. Sasa nitakula kwenu. Yule mdogo nyama yake laini."

Humaira, mwenye mwaka mmoja, aliipungia mkono.

Kesho yake alasiri akaja Ustadhi Hamdan. Aliosha spika kwa maji ya ndimu na chumvi huku akisoma, akazifunga kitambaa cheupe, na Lotfi akaenda kuzitupa mtoni zote. Harufu ikakatika.

"Nyumbani limetoka," alisema ustadhi, "ila linautaka ukoo. Litajaribu kupokelewa upya. Likiwapa kitu, msijibu. Hata kwa sauti mnayoijua."

"Hata ya mama mkwe?" aliuliza Lotfi kwa kunong'ona.

"Hiyo ndiyo usiijibu kabisa."

Siku zikapita kimya. Televisheni ikarudia sauti yake ndogo, na Lotfi akaanza tena kulalamika kwamba haisikiki jikoni.

Jioni moja, baada ya magharibi, Rohani alikuwa anakaanga samaki, mafuta yanaruka, mvua inapiga bati, na televisheni inasema peke yake sebuleni, alipomsikia Lotfi akiingia nyuma yake, akivuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi na mzigo, na kusema kwa sauti ile ile ya kila siku, ya uchovu na utani, "Mama Humaira, mpokee mtoto bwana, mikono yangu imelowa," naye, macho yakiwa kwenye kikaango, akanyoosha mikono nyuma kama alivyofanya mara elfu na kusema:

"Lete, nampokea."

Tambuu ikanuka.

Nje, taa za gari zikapita dirishani. Mlango wa gari ukafungwa. Lotfi akaingia ameloa chapachapa, Humaira amelala begani.

"Foleni hiyo, we acha! Haya, mshike nivue viatu." Akamnyooshea mtoto. "Mbona umesimama? Mpokee basi."

Rohani hakuweza. Mikono yake ilikuwa imeshapinda kifuani, imeelemewa na kitu kisichoonekana, cha moto, kinachopumua.